Ukifukia, Andika

Wanangu mnaoshika sururu, nanyi wajukuu zangu mnaosukuma mashine, kaeni kidogo mnisikilize. Magoti yangu hayakubali tena kusimama muda mrefu, na haya ninayosema nimeyasema hapa Kongo, mtaa wetu wa Kawangware, mara nyingi mpaka watoto wa ploti yetu wanaweza kunimalizia maneno. Nayarudia kwa sababu juzi, asubuhi baada ya mvua, niliwakuta vijana watatu wakichimba mtaro kando ya kibanda cha mama mboga. Niliwauliza kama wanajua kilichoko chini. Mmoja akanijibu kwa adabu, bila kuacha kuchimba: "Mzee, tukifika tutajua."

Sikumkasirikia. Jibu hilo nililitumia mwenyewe nilipokuwa na umri wake, na ninamjua mtu aliyelilipia.

Nimekuwa fundi bomba kwa miaka 40 na ushei. Nimelaza mabomba Gatina, Satellite, Dagoretti Corner na Kibera, na mengi hapa hapa Kawangware. Sehemu kubwa ya mabomba hayo haimo kwenye ramani yoyote. Mengine tuliyalaza usiku kwa kurunzi, kwa kuwa mwenye ploti hakutaka maswali. Tulifukia, tukakanyaga udongo ukashika, tukalipwa, tukaenda zetu. Sijivunii hilo. Nawaambia ili mjue kwamba anayewaonya leo ni mmoja wa waliowatilia giza chini ya miguu yenu.

Miaka mingi iliyopita tulikuwa tunachimba kando ya barabara kwa kontrakta mmoja. Mwenzangu aliinua sururu akaishusha juu ya waya wa umeme. Mtu aliyeulaza waya huo hakuweka tofali juu yake wala utepe wa kuonya. Mwenzangu hakufa. Lakini mkono wake wa kulia haukushika tena kijiko, na mkewe ndiye aliyekuwa akimfunga vifungo vya shati mpaka siku waliporudi kwao Vihiga. Kontrakta alisema waya ule haukuwa kwenye ramani yake, na alisema kweli. Haukuwa kwenye ramani ya mtu yeyote.

Mwaka huu mjukuu wangu, anayesomea upimaji wa ardhi, alikuja na wenzake kupima kichochoro chetu. Walileta rada ya kupenya ardhi. Niliomba kiti, nikakaa nikatazama tangu asubuhi mpaka jua lilipokuwa kali, na nilipouliza, walinieleza bila kunichoka. Nataka na nyinyi mwelewe inavyofanya kazi, kwa sababu nimesikia wengine wakisema kwamba siku hizi kuna mashine inayoona kila kitu, na mtu akishaamini hivyo ataumia haraka kuliko sisi ambao hatukuwa na mashine.

Inafanana na kigari cha kukatia nyasi: magurudumu, sanduku linalokaribia kugusa ardhi, na kioo mbele ya anayesukuma. Ndani ya sanduku mna antena mbili. Moja hutuma mawimbi ya redio chini kwa vipigo vifupi mno, nyingine hungoja mwangwi. Wimbi husafiri ndani ya udongo mpaka likutane na kitu kisichofanana na udongo ule: chuma, maji, zege, uwazi, hata udongo uliowahi kuvurugwa ukarudishwa. Hapo sehemu ya wimbi hurudi juu. Mashine hupima muda wa kwenda na kurudi kwa nanosekunde, yaani sekunde moja ikigawanywa mara bilioni.

Ukikatiza juu ya bomba, kwenye kioo huonekana tao. Ni kwa sababu wimbi hutawanyika linaposhuka, kwa hiyo bomba hujibu kabla hujalifikia, likiwa bado mbali. Ukiwa juu yake linakuwa karibu kabisa, na ukilipita linakuwa mbali tena. Kilele cha tao ndipo lilipo bomba. Lakini ukitembea sambamba na bomba lenyewe utaona mstari tu, na waweza kuudhania ni tabaka la udongo. Ndiyo maana vijana wale walipita kichochoro kwa urefu na kwa upana, huku na huku, kama mtu anayesuka mkeka. Anayepita mara moja tu akaandika ripoti amekula fedha ya watu.

Sasa fanyeni hesabu pamoja nami. Hewani wimbi la redio huenda sentimita 30 kwa kila nanosekunde. Kwenye udongo mkavu kiasi huenda kama 10. Udongo ukilowa huweza kushuka hadi 6, na ndani ya maji matupu ni 3 na kidogo. Chukulieni mwangwi umerudi baada ya nanosekunde 20. Kwenye udongo wa 10, wimbi limetembea sentimita 200 kwenda na kurudi, basi bomba liko mita 1 chini. Kwenye udongo wa 6, limetembea sentimita 120, basi bomba liko sentimita 60. Mwangwi ni uleule na tao ni lilelile. Aliyesahau kwamba usiku mvua ilinyesha atamwambia mchimbaji apige sururu bila hofu mpaka sentimita 80, na bomba litapasuka wakiwa bado wanapiga soga. Ndiyo maana nawaambia: mkipewa kina na mashine, ulizeni udongo ulipimwa vipi. Mpimaji mwema husoma mwendo wa wimbi kutokana na umbo la tao, au huchimba shimo dogo la majaribio juu ya bomba moja analolijua, akapima kwa futi, kisha akairekebisha mashine yake.

Na udongo wenyewe si mmoja. Huku kwetu Dagoretti ni mwekundu wa mfinyanzi, na mfinyanzi hunyonya wimbi kama kitambaa kinavyonyonya maji. Udongo mweusi wa upande wa Embakasi, ule unaofura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, hunyonya zaidi. Rada ya megahezi 400 au 500, ambayo ndiyo hutumiwa sana kutafuta mabomba na nyaya, huweza kuona mita 2 au 3 mahali pa mchanga mkavu. Kwenye mfinyanzi uliolowa huenda isifike hata mita 1. Ya megahezi 100 huzama zaidi, lakini huona vitu vikubwa tu. Ya megahezi 1,000 na kuendelea huona nondo ndani ya zege vizuri sana, ila haiendi mbali. Kwa hiyo kioo kikiwa kitupu, msiseme chini hakuna kitu. Semeni mashine haikufika.

Kuna na mambo ya vichochoro vyetu. Wimbi hurudishwa pia na mabati ya kuta na nyaya zilizo juu, na antena isiyokingwa vizuri itakuonyesha chini kitu kilicho ubavuni mwako. Mipira ya plastiki ya nusu inchi, ile inayopita juujuu ikiwa imefunikwa na udongo wa kiganja kimoja, mara nyingi haionekani; iko karibu mno na ni nyembamba mno. Kibera sehemu nyingi zimejengwa juu ya takataka zilizoshindiliwa, na humo kila kipande cha bati na kila kopo hutoa mwangwi wake, mpaka kioo kinajaa makelele. Na chochote kilicholala chini ya bati pana kimejificha, kwa sababu chuma hurudisha wimbi lote.

Sisemi haya ili mwidharau mashine. Ingekuwepo siku ile, mwenzangu angekula kwa mkono wake mpaka leo, kwa kuwa waya ule wa shaba ungeonekana. Nasema muijue kwa kiasi chake. Rada hukuambia kwamba hapa pana kitu. Haikuambii ni kitu gani, cha nani, wala kama kina umeme, maji au mavi ndani yake. Majibu hayo yako kwa watu, na watu wanakufa.

Siku ile, karibu na choo cha ploti ya tatu, tao lilitokea safi kabisa. Vijana walibishana. Mmoja alisema ni bomba la maji taka, mwingine waya. Nikawaambia ni bomba la chuma la inchi moja na nusu, tulililaza mwaka 1988, na mbele kidogo linapinda kwa sababu palikuwa na mpera ambao mwenye ploti alikataa ukatwe. Walisukuma mashine mbele, na bomba likapinda. Mpera wenyewe ulikatwa zamani. Hakuna kijana wa Kongo anayeukumbuka. Walishangilia, wakaniita maktaba. Nilicheka nao.

Kisha wakanionyesha matao mengine mawili, karibu na kona. Nikayatazama kwa muda mrefu. Nilijua nimefanya kazi kwenye kona ile. Nilijua kwamba moja kati ya yale mawili nililifukia kwa mikono yangu, na sikuweza kusema ni lipi, linabeba nini, wala linakwenda wapi. Wanangu, hapo ndipo nilipochoka kuliko nilivyowahi kuchoka kwa kuchimba. Mimi niliyeitwa maktaba nilikuwa nimefungua kabati nikakuta mchwa wamekula karatasi.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulidhani mali ni duka na ng'ombe. Bomba ni mali, waya ni mali, hata shimo ni mali, na tulivitia vyote ardhini bila daftari.

Nisikilizeni habari ya watu wa kale wa nchi hii. Kule Turkana, mahali panapoitwa Lothagam, miaka 5,000 hivi iliyopita, wafugaji waliokaa kando ya ziwa lililokuwa likipungua walijenga makaburi ya pamoja. Watafiti, miongoni mwao Elisabeth Hildebrand na Katherine Grillo, walipitisha rada ya kupenya ardhi juu ya jukwaa la mawe na kupima upana wa shimo la maziko lililo chini yake. Walichimba sehemu ndogo tu, kisha mwaka 2018 wakatangaza makadirio yao kwamba humo wamelazwa watu wasiopungua 580: wanaume, wanawake, watoto wachanga na wazee, mahali pamoja, karibu kila mmoja na mapambo yake. Mashine ilisaidia kupima. Lakini mashine haikuhitajika kujua kwamba pana kitu, kwa sababu wale wafugaji walisimamisha nguzo za mawe juu yake. Hawakuwa na kalamu wala karatasi, na bado walimwachia alama mtu atakayekuja baada yao. Sisi tuna kalamu ya shilingi 20, tukafukia waya wa umeme na tusiweke hata tofali.

Msidhani gharama ya ukimya huu ni ndogo. Septemba 12, 2011, petroli ilivuja kutoka kwenye mfumo wa Kenya Pipeline, ikafuata mtaro mpaka Sinai, mtaa uliokuwa umejengwa juu ya njia ya bomba la mafuta. Zaidi ya watu 100 waliungua wakafa. Na hapa jirani, Ng'ando, Septemba 23, 2019, shule ya Precious Talent iliporomoka asubuhi, na watoto 8 wakafariki. Wapo waliotaja ujenzi hafifu, wapo waliotaja mtaro wa maji taka uliochimbwa karibu. Mimi si mahakama. Ila mtu mwenye watoto akipita pale atajiuliza ni nani aliyekagua ardhi, kabla ya ukuta na kabla ya mtaro.

Na kuna madhara yasiyofika kwenye magazeti. Maji yakiwa ya mgao, bomba hukaa siku nzima bila shinikizo. Sururu ikiwa imelitoboa tundu dogo, bomba lile hunyonya kilicho karibu nalo, na kilicho karibu nalo huku kwetu mnakijua. Maji yakirudi, mama anajaza mtungi. Mtoto akianza kuharisha usiku, hakuna anayekumbuka kijana aliyechimba wiki iliyopita. Kule Kibera shirika la SHOFCO, alilolianzisha Kennedy Odede, liliona hatari hiyo likapitisha mabomba ya maji juu kwenye nguzo badala ya kuyafukia. Wengine waliona ajabu. Mimi nililiona kuwa jambo la busara, maana bomba linaloonekana na kila mpita njia halihitaji rada, na anayelitoboa huonekana pia.

Basi chukueni maneno yangu kwa utaratibu.

Kabla ya kuchimba, ulizeni. Marekani, tangu mwaka 2007, anayetaka kuchimba hupiga simu namba 811, na wenye mabomba na nyaya huja kuchora ardhini mahali vilipopita. Nyinyi nendeni kwa kampuni ya maji na ya umeme mkaombe ramani zao, hata mkizungushwa. Kisha rudini mtaani. Mama anayeuza maji anajua bomba lake linatoka wapi. Mlinzi wa usiku anajua nani alichimba gizani. Mpangaji wa zamani anajua choo cha shimo kilichojaa kikafukiwa, kisha kikajengewa chumba juu. Huo ni uwazi unaongoja mguu wa mtu. Mkiwa Kibera, kaeni kwanza na wazee wa Kinubi. Babu zao, askari wa King's African Rifles, walikaa pale kabla ya sisi wengine. Mwaka 1918 ekari 4,197 zilitengwa, na hati waliyopewa mwaka 2017 ilikuwa ya ekari 288. Katikati ya tarehe hizo kuna miaka 99 ya watu walioishi, wakachimba visima, wakazika. Rada haioni mifupa vizuri. Huona udongo uliofukuliwa ukarudishwa. Mzee wa Kinubi atakuambia kama palipofukuliwa ni shimo la taka au ni kaburi la mama yake.

Baada ya kuuliza, pimeni. Pitisheni rada, na pitisheni pia kile kifaa kidogo cha kunusa nyaya zenye umeme, kwa kuwa kimoja huona kisichoonwa na kingine. Wekeni alama kwa rangi. Mahali mashine iliposhindwa, andikeni kwamba imeshindwa. Mpimaji anayeona aibu kuandika hivyo ni hatari kwa mchimbaji kuliko asiyepima kabisa, kwa sababu asiyepimiwa huchimba akiogopa.

Mkichimba, fungueni shimo la majaribio kwanza. Wekeni sururu kando mkikaribia alama, mtumie sepeto na mikono. Najua kontrakta anahesabu saa, na najua kibarua hulipwa kwa mita. Mimi nililipwa hivyo hivyo. Mwambieni kwa upole kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe, na asiposikia, ondokeni. Siku moja bila mshahara nimewahi kuiona ikipita. Mkono ulioungua sijauona ukirudi.

Na mkifukia, andikeni. Hili ndilo lililonileta, na mkisahau mengine yote, hili lishikeni. Kabla udongo haujarudi, pigeni picha bomba likiwa wazi, futi ikiwa kando yake. Pimeni umbali kutoka vitu viwili visivyohama: kona ya ukuta wa mawe, chemba, mlingoti wa umeme. Msipime kutoka kwenye mpera. Andikeni kina, upana, aina, tarehe na jina la aliyefanya kazi. Lazeni utepe wa kuonya juu yake, na kama ni bomba la plastiki, fungeni waya mwembamba wa shaba kandokando ili kifaa kije kulisikia. Nakala moja mpeni mwenye ploti, nyingine mzee wa mtaa, na ya tatu ipelekeni ofisi inayohusika hata kama hakuna aliyewaomba. Kufukia bila kuandika ni kumtegea mtu usiyemjua, na huenda mtu huyo bado hajazaliwa.

Mjukuu wangu ameninunulia daftari la kurasa 200. Kila jioni anakuja, ananiuliza, naye anachora. Ploti kwa ploti, mwaka kwa mwaka. Tuko ukurasa wa 31. Mahali nisipokumbuka nimemwambia aandike: mzee hakumbuki. Ni maneno mazito kuyaona yameandikwa, lakini atakayesoma atajua kwamba pale aende polepole.

Nanyi vijana watatu wa juzi, mtaro wenu umefika futi mbili kutoka kwenye ile kona. Moja kati ya yale matao mawili limepita mbele yenu. Kesho asubuhi msianze bila mimi. Nitakuja na kiti changu, na mjukuu ataleta daftari. Tutafungua shimo dogo kwa mikono, taratibu, mpaka tuone bomba hilo ni lipi. Kisha, likiwa ni langu, mmoja wenu ataandika jina langu kando yake, kwa kuwa nimechelewa kulisema.